Nyuki aliyejiua shingoni mwangu kapata nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mizinga kumi na miwili pembeni ya chai huku Mufindi. Juzi wakati wa kurina nilichomwa shingoni, na nyuki mwenyewe akadondoka akafa. Kijana wangu wa kidato cha nne anasema kwa Darwin kila kiumbe hupigania uhai na uzao wake. Sasa huyu kibarua, ambaye hata hazai, kapata nini?
Mrina asali, Mufindi

JIBU: Marahaba, na pole ya shingo. Kijana wako kashika penyewe. Darwin mwenyewe, baba wa nadharia ya mageuzi, katika kitabu chake cha 1859, alikiri kwamba wadudu wasiozaa walimtatiza. Jibu la hesabu lilikuja 1964, kutoka kwa Mwingereza aliyezaliwa Cairo, William Hamilton.

Alipokuwa mwanafunzi London, upweke wa chumba cha kupanga ulimshinda, akawa anakwenda kupigia hesabu zake kwenye mabenchi ya stesheni ya treni ya Waterloo, angalau aone watu. Mimi niliyesahihisha madaftari stendi ya Makambako nikisubiri basi, namwelewa kabisa.

Alisema hivi: usihesabu watoto tu, hesabu jeni, yaani chembe za urithi. Zako zimo pia kwa ndugu zako. Kujitoa kunaweza kuenea iwapo faida anayopata ndugu, ukiizidisha kwa kiwango cha undugu wenu, inapita hasara yako. Mtoto wako ni nusu, ndugu wa baba na mama mmoja nusu, binamu moja ya nane.

Sasa njoo mzingani. Dume la nyuki hutoka kwenye yai lisilorutubishwa: hana baba, ila babu anaye (hapa darasa langu lilicheka kila mwaka). Jeni zake ni seti moja tu, kwa hiyo binti zake wote hupokea ileile nzima. Dada wa baba mmoja wanafikia robo tatu, kuliko hata mama na mwana! Lakini usiing'ang'anie sana hiyo robo tatu. Malkia hupandwa angani na madume kumi na zaidi, hivyo vibarua wako wengi ni dada wa mama tu. Na mchwa, ambao madume yao yana baba, wanajitoa vilevile. Kanuni ya Hamilton ndiyo iliyosimama: kibarua wako akifa akiulinda mzinga, jeni zake zinaendelea kupitia mama na dada zake.

Hamilton alikwenda Kongo Januari 2000 kukusanya kinyesi cha sokwe, akitafuta chanzo cha virusi vya UKIMWI. Alirudi na malaria, akafariki Machi 7, ana miaka 63. Dhana aliyoifuata kule, kwamba virusi hivyo viliingia kwa watu kupitia chanjo ya polio, ilikuja kuonekana si kweli.

Turudi shingoni. Mwiba wa kibarua una vijino vinavyonasa kwenye ngozi ya mtu. Akijivuta, unabaki na mfuko wa sumu na sehemu ya matumbo yake, na mfuko huo huendelea kusukuma sumu wakati mwenyewe keshadondoka. Ukwangue upesi kwa ukucha. Unabaki pia na harufu inayowaita dada zake, inayofanana na ya ndizi mbivu. Huko kwenu kwenye baridi ndizi zinatoka Tukuyu kwa lori, kwa hiyo ukiisikia mzingani, ongeza moshi au ondoka.