Mkikwea mwamba kando ya maporomoko ya maji, malizeni maneno chini

Wiki iliyopita nilimaliza ile njia ya kukwea yenye ugumu wa daraja la 6c iliyo karibu kabisa na maji. Niliongoza mwenyewe kutoka chini hadi juu, yaani nikiifunga kamba kwenye bolti za mwambani kadiri ninavyopanda, sikuanguka wala kuning'inia kwenye kamba. Mkweaji Mjerumani Kurt Albert, katika miaka ya 1970, alikuwa akichora nukta nyekundu chini ya njia aliyoipanda hivyo. Siku ile nilimwelewa.

Nasema haya kwa fahari kwa sababu msimu uliopita niliitwa mwoga mbele ya kundi zima, eti nashuka na nguvu bado ninazo. Maneno yale yaliniuma na hadi leo yananiuma. Upepo ulikuwa umegeuka na kuleta manyunyu ukutani, chaki ya kukausha mikono imekuwa uji vidoleni, na kishikio kilichofuata kilikuwa kinang'aa maji. Kamba ya nailoni nayo ikilowa huwa nzito, na uwezo wake wa kuhimili maanguko hupungua. Kushuka ilikuwa haki yangu. Safari hii nilisubiri jua lipige ukuta, nikapapasa mwamba kwa kiganja kabla ya kuvaa viatu.

Ila kuliko unyevu, wenzangu, uogopeni mngurumo. Pale juu husikii kitu. Unaita "nishushe" na mshika kamba, mwenzako wa chini anayekulinda usianguke, anaona mdomo tu ukifunguka. Wengine hutegemea kuvuta kamba mara kadhaa kama ishara. Mimi siuamini mtindo huo: ukivuta kamba kuiingiza kwenye karabina, ile pete ya chuma inayofunguka, aliye chini anasikia mvuto uleule. Sasa atajuaje?

Kwa hiyo mimi na mwenzangu tunamaliza mazungumzo chini. Nikifika kwenye nanga, pale juu njia inapoishia na kamba inapofungwa, utanishusha wewe au nitajishusha mwenyewe? Jibu likishatoka, halibadilishwi juu. Kama ni kushushwa, mshika kamba haondoi kamba kwenye kifaa chake cha kuizuia mpaka anione nimesimama chini, hata akidhani nimemwashiria. Tunakaguana fundo la umbo la nane linalotufunga kwenye kamba, na mikanda ya kiunoni, na ncha ya pili ya kamba tunaifunga fundo. Kamba ya mita 60 haifiki chini kwenye njia inayozidi mita 30, na ncha yake ikipita yote kwenye kifaa, mtu anaanguka. Pataneni, jamani. Pataneni kila mara, hata na yule mliyekwea naye miaka.

Tazameni na bolti. Mahali palipolowa mwaka mzima, chuma kilichopakwa zinki hushika kutu mapema; chuma cha pua cha aina ya 316 hustahimili zaidi. Ukikuta nati inazunguka kwa kidole, au kutu imechuruzika chini ya bolti, usiikabidhi uzito wako. Shuka, kisha mwambie kila anayejifunga kamba kwenye njia ile ni bolti ya ngapi.