Kiterena na "yangu" ya puani: maswali ya wasomaji

Kiterena kinazungumzwa wapi, na ni jamaa ya lugha zipi?

Ni lugha ya Waterena wa Brazili, hasa jimbo la Mato Grosso do Sul, kandokando ya Miranda na Aquidauana. Iko katika ukoo wa Kiarawak, pamoja na Kibaure cha Bolivia. Kijiji cha Cachoeirinha bado kinaisema sana. Kwingine, kama Buriti, Kireno kimeshika nafasi yake.

Nimeona ina mb, nd, ng na irabu tano kama sisi. Kuna undugu na Kiswahili?

Hakuna. Isitoshe, kazi ya sauti hizo ni tofauti kabisa. Kwetu mb ya "mbavu" inatokana na ngeli. Kwa Waterena, mara nyingi mb ni alama ya mtu: mimi.

Mtu anasemaje "yangu" bila kuongeza neno wala silabi?

Anapeleka sauti puani. Anza na umbo la "yake", ambalo halina alama. Emo'u ni neno lake. Ẽmõ'ũ ni neno langu. Ayo ni kaka yake. Ãỹõ ni kaka yangu. Ung'ong'o huanza mwanzo wa neno na kusonga mbele, ukipita irabu, m, n, w, y, r, l, hata ile alama ya ritifaa ambapo pumzi hukatwa kooni.

Ung'ong'o ukikuta kipasuo (kama p, t, k) au kikwamizo (kama s, h), unakwama hapo na kukigeuza: p huwa mb, t huwa nd, k huwa ng (ya "ngoma", si ya "ng'ombe"), s na h huwa nz. Basi owoku, nyumba yake, inakuwa õwõngu, nyumba yangu, na u ya mwisho inabaki safi. Otopiko, alikata, ni õndopiko, nilikata: t imegeuka, lakini p na k zilizo nyuma yake hazikuguswa. Neno likianza na kipasuo, mambo huishia mlangoni: piho, alikwenda, mbiho, nilikwenda.

Na "yako"?

Hapo pua haihusiki. Neno linaloanza kwa irabu kama hizi hupata y: yemo'u, yowoku. Lenye konsonanti mwanzoni hubadili irabu zake, ulimi ukisogezwa mbele au juu: nene, ulimi wake, huwa nini, tuti, kichwa chake, tiuti, paho, mdomo wake, peaho. Irabu i haina pa kwenda zaidi, kwa hiyo katika piho inarukwa na zamu inaangukia o: pihe, ulikwenda. Ni mfumo mzuri kuliko inavyoonekana kwenye jedwali.

Mswahili hukosea wapi akijaribu?

Si kwenye mb, hiyo tunayo. Tatizo ni irabu za puani. Wengi husema "enmonu", yaani wanabandika n mahali ambapo irabu yenyewe ndiyo inayotakiwa kupita puani. Sema a ndefu, kisha bana pua kwa vidole katikati ya sauti. Sauti isipobadilika, ni a ya kawaida. Ikizibika, umepata ã. Fanya hivyo kwa kila irabu kabla ya kujaribu neno zima.

Nikikusanya msamiati, niandike umbo lipi?

La "yake". Ukiorodhesha piho chini ya p na mbiho chini ya m, kamusi itakuwa na kitenzi kimoja mara mbili. Jihadhari pia na maswali: ukiuliza "mdomo wangu" husemwaje, msemaji anaweza kukujibu peaho, kwa sababu mdomo ni wako wewe uliyeuliza. Muulize kuhusu mtu wa tatu, hata kwa picha. Na kwa kitu kisicho na mwenyewe tarajia kiishio -ti: ovokuti, nyumba tu. Hiyo v ni ile ile w ya juu. Tahajia ya Waterena huiandika v, na sh huiandika x.