Wale tulisoma nao wako wapi? Majibu ya maswali yenu

Mmeniandikia sana juu ya shule zenu za zamani, manake Desemba ikikaribia kila mtu Nairobi anaanza kuulizia riyunioni. Siwezi kujibu zote lakini hizi tano naona zinagusa watu wengi.

Grupu yetu ya WhatsApp ya fomu foo 2003 iko na watu 140 lakini sai ni matanga tu na meseji za kuforwadiwa, watu wanatoka mmoja mmoja. Tufanye nini? (Msomaji, Umoja)

Msiache kuchangia matanga, hilo nasema kwanza. Mwenzako akifiwa na muende naye mpaka Kitui ama Siaya hawezi kusahau hiyo siku. Shida ni grupu ikiwa inaamka tu pesa zikitakiwa, mtu akiona simu imelia anashtuka, leo ni nani tena? Tengeni. Grupu ya mastori ibaki ya mastori, na kukiwa na jambo admini afungue nyingine ya huo mchango, hesabu ikitolewa ifungwe.

Alafu tafuteni picha za zamani. Kwetu mtu aliweka moja tu, imekunjika kona, vijana kumi na moja nyuma ya jikoni na masweta ya kijani, mmoja ameshika sahani ya bati na mwingine hana kiatu cha kushoto. Watu walikuwa wamenyamaza miaka miwili wakaanza kuulizana huyo wa tatu ni nani, kiatu kilienda wapi, na kufika saa sita usiku tulikuwa na majina kumi. La kumi na moja lilipatikana wiki tatu baadaye, dadake ndiye alimtambua, akatupatia namba yake na kumbe anakaa Githurai, mtu tumepishana naye kwa matatu miaka yote hiyo.

Tunataka kumtafuta mpishi wetu aliyestaafu kitambo. Shule imekataa kutupatia namba yake. (Msomaji, Kasarani)

Hii swali nimeipenda kuliko zote, na naomba wengi muige. Tukisema alumnai tunafikiria wanafunzi na labda prinsipo, tunasahau mpishi, matroni, bawabu, karani, dereva wa basi. Na hao ndio walikuwa wanajua nani analia usiku. Mwalimu wa TSC, ile tume inaajiri walimu wa serikali, akistaafu na miaka 60 ako na penshoni yake, lakini mpishi ameajiriwa na bodi ya shule, na wengi wao wanaenda nyumbani na mkono mtupu hivi.

Shule haijakosea kukataa, namba ni ya mwenyewe na sheria ya kulinda data ya 2019 iko. Nyinyi geuzeni hiyo kitu, acheni namba yenu na majina yenu kwa ofisi muombe wamfikishie, yeye ndiye aamue kupiga. Ongeeni pia na bawabu na wapishi wa sasa manake mara nyingi mmoja anatoka kijiji kimoja naye, ama wanasali kanisa moja.

Sisi wetu tulikuwa tunamwita Shosho. Tulimpata Murang'a, tukaenda watu sita na gari moja, na nilikuwa nimejiambia hatatukumbuka, sasa miaka ishirini na kitu amepikia maelfu ya watoto. Akaniangalia akaniuliza, "Wewe bado hukuli maharagwe?" Nililia, sioni haya kusema. Alikuwa ananiwekea mahindi ya githeri kando kwa kikombe cha plastiki cha bluu, term nzima, na hakuwahi kuniambia niseme asante.

Mkienda msibebe tu leso na unga. Ulizeni kama amelipiwa SHA, ile bima ya afya ya serikali. Kwa mtu asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi na inalipwa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Darasa la watu arobaini linashindwaje na hiyo? Na ifanyeni kila mwaka, msingoje awe mgonjwa ndio muanze kuchangisha.

Pesa zetu zote zinaingia kwa M-Pesa ya mweka hazina, ni mtu mzuri lakini wengine wameanza kunung'unika. (Msomaji, Lang'ata)

Mtoeni hapo haraka, na ni kwa ajili yake. Simu ya mtu haishiki zaidi ya 500,000, na Mungu apishe mbali, akipata ajali leo hizo pesa mtaziombaje kwa familia yake? Sajilini kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, muwe na katiba na viongozi, kisha mfungue akaunti ya benki yenye sahihi tatu na muombe Paybill, ile namba ya M-Pesa ya kulipia kwa akaunti. Stetimenti iwekwe kwa grupu kila mwezi hata kama hakuna kitu imeingia.

Wazee waliosoma shule yetu ikiwa na jina la kikoloni wako na chama chao. Tuungane? (Msomaji, Ngara)

Ungana nao. Shule ya Jamhuri ilikuwa Duke of Gloucester, Pangani Girls ilikuwa Duchess of Gloucester, Lenana ilikuwa inaitwa Duke of York, na Nairobi School ilikuwa Prince of Wales. Jina lilibadilika lakini kengele na korido mara nyingi ni zile zile. Waendeeni mapema mkiwa na simu ya kurekodi, wengi wao wamezeeka.

Nilitoka fomu thrii juu ya karo, sikufanya mtihani. Wenzangu wananiita riyunioni lakini naona aibu, mimi si alumnai kweli. (Msomaji, Kayole)

Ndugu yangu, nenda. Ulilala hilo bweni, ulikula hiyo githeri, ulichapwa na huyo deputi, cheti haina uhusiano na hayo. Na hao wenzako hawangekutafuta kama hawakutaki.

Kwetu kuna mmoja alitoka fomu tuu, baba yake alikuwa amefutwa kazi. Alikataa kuja miaka minne. Alipokuja alikaa karibu na mlango, hajavua jaketi, mpaka mtu akasema hakumbuki nani alikuwa analala kitanda cha dirishani. Yeye akaanza kutaja, kitanda baada ya kitanda, bweni lote, watu thelathini na wawili, hadi wale wawili walishatangulia, na sisi tuliomaliza wote hakuna hata mmoja angeweza. Siku hizi rejista yetu ni yeye anaiweka.