Jibu: Kwa nini Bounty ilishindwa Cape Horn

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini Bounty, meli ya Kiingereza ya nahodha William Bligh, ilishindwa kuzunguka Cape Horn, rasi ya ncha ya kusini ya Amerika Kusini, mwaka 1788 ilhali meli nyingine zilipita. Mimi huanza na upepo. Bounty ilitoka mashariki kwenda magharibi, na pepo kali za kule huvuma kutoka magharibi, hivyo ilikuwa na upepo wa omo, yaani unaoipiga meli kutoka mbele. Halafu kina cha bahari hupungua ghafla karibu na rasi, mawimbi yanasimama wima kama ukuta. Meli inakwenda bisho, yaani kwa kupinda kushoto na kulia dhidi ya upepo, inasogea kidogo, inarudishwa. Bligh alihangaika karibu mwezi mzima, kisha akageuza kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Namuunga mkono kabisa. Na Mlango wa Magellan, njia nyingine ya bahari iliyo kaskazini ya Cape Horn, usikudanganye: ni mwembamba, na dhoruba hushuka ghafla kutoka milimani.