Kusakinisha programu kwenye kompyuta isiyo na intaneti

Ukipakua faili la kusakinishia ukakuta lina megabaiti mbili tatu tu, lishuku. Mara nyingi hilo ni tarishi: ukilifungua, linakwenda lenyewe mtandaoni kuchukua programu. Pasipo intaneti litakuuliza lugha, kisha litagoma. Kampuni nyingi hutoa pia faili kamili, ila hulificha mbali na kile kitufe kikubwa cha kupakulia. Mimi hulitafuta hilo kwanza.

Kabla ya kupakua chochote, angalia kwenye kompyuta yenyewe toleo la mfumo, na kama ni wa biti 32 au 64.

Kinachosumbua hasa ni vitegemezi, yaani vitu vingine ambavyo programu yako haiendi bila hivyo. Kwenye Windows 10, programu ya zamani inaweza kudai .NET Framework 3.5 (mkusanyiko wa Microsoft ambao programu nyingi huutegemea), na Windows itataka kuitafuta mtandaoni. Hakuna haja. Imo kwenye diski ya kusakinishia Windows ya toleo lilelile, folda ya sources\sxs, na amri ya DISM ya Windows yenyewe huichukua humo ukiielekeza kwa /source.

Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, mtego ni mwingine. Wengi huendesha amri ya apt-get install --download-only kwenye kompyuta yenye mtandao, wakabeba vifurushi (mafaili ya .deb yenye programu), wakifika wanaambiwa bado kuna vilivyopungua. Sababu ni kwamba apt, chombo cha kusakinishia programu kwenye mifumo hiyo, hupakua vile tu ambavyo kompyuta ile haina. Kwa hiyo iulize kompyuta isiyo na mtandao: apt-get install --print-uris pamoja na jina la programu huorodhesha viungo, yaani anwani za kupakulia, vya kila kinachokosekana pale. Nenda na orodha hiyo kwenye flashi, pakua kwingine, kisha sakinisha vyote kwa mpigo kwa dpkg -i *.deb. Ukienda kimoja kimoja, utahangaika bure na nani atangulie. Orodha za vifurushi ambazo apt imezihifadhi zikiwa za zamani, baadhi ya viungo vitakuwa vimekufa. Hapo bora apt-offline, ambayo husasisha na orodha zenyewe.

Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi. Ifomati kwa exFAT. Ukishanakili, linganisha SHA-256 ya faili (namba ndefu inayobadilika faili likiharibika) na iliyotangazwa na watengenezaji: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256 kwenye Windows; sha256sum na jina la faili kwenye Linux.

Kama programu ni ya kulipia, uliza kabla ya kununua inaamilishwa vipi. Nyingine hukubali faili la leseni lililoombwa kupitia kompyuta nyingine. Nyingine lazima ziwasiliane na seva, na hizo mimi sizinunui kwa kompyuta ya namna hii.