Mshale wa joto unaporuka na rejeta haichemki

SWALI: Ninasimamia greda linalochonga barabara za vumbi wilayani Bahi, mkoani Dodoma. Kwa wiki kadhaa sasa mshale wa geji ya joto la injini hupanda ghafla hadi kwenye nyekundu, kisha hurudi katikati, hasa opereta anapogeuza mwisho wa kipande. Rejeta haichemki. Sensa (kifaa kwenye injini kinachopima joto la maji na kuipa geji taarifa) tumekwisha kuibadilisha mara mbili, na hali ni ile ile. Opereta anashauri tuikate geji tuendelee na kazi. Je, geji ndiyo mbovu?

JIBU: Ndugu msimamizi, jambo la kutilia uzito katika maelezo yako ni hilo neno "ghafla". Mfumo wa kupoza injini ya greda hubeba lita nyingi za maji, na maji hayo hayawezi kupanda nyuzi 30 kwa kufumba na kufumbua, kisha yakashuka vivyo hivyo. Injini inayochemka kweli huupandisha mshale polepole na huchelewa kuurudisha. Kwa hiyo ninashuku umeme kabla ya injini.

Hata hivyo, thibitisha kwanza joto halisi. Greda likiwa limefanya kazi vya kutosha, elekeza ile bunduki ndogo ya kupimia joto kwenye kasha la thamostati (vali inayodhibiti maji ya kupoza yanayotoka kwenye injini), mahali penye rangi nyeusi au palipopakwa masizi, kwa kuwa chuma kinachong'aa hudanganya kwa kusoma chini. Joto la nje ya chuma huwa chini kidogo kuliko la maji yenyewe, lakini ukisoma nyuzi 80 na kitu huku mshale ukiwa kwenye nyekundu, injini haina hatia. Kagua pia mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo kwenye mwinuko huo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko uliolegea unaweza kuyachemsha maji wakati mshale haujaifikia hata nyekundu.

Joto likiwa sawa, ugawe mfumo mara mbili pale kwenye sensa. Greda nyingi za zamani hutumia sensa ya waya mmoja, ambayo ukinzani wake (kiasi inavyozuia umeme kupita) hupungua kadiri joto linavyopanda, nayo hupata ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha mtambo) kupitia hesi zake, yaani meno yake ya kufungia, kwenye bloku. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha uchomoe waya huo: mshale unapaswa kulala upande wa baridi. Ugusishe waya huo kwenye chuma cha bloku kwa sekunde moja tu: mshale unapaswa kupanda. Usilifanye jaribio hili la kugusisha kwenye greda ambalo sensa yake huripoti kwenye kompyuta ya injini. Hilo hupimwa kwa kifaa chake cha uchunguzi.

Katika hali yako, waya ukiwa umechomolewa na mshale bado unaruka, kosa liko kati ya sensa na dashibodi, au ndani ya geji yenyewe, na sensa ya tatu itakuwa hasara nyingine. Hapo ndipo maneno "anapogeuza mwisho wa kipande" yanapopata maana. Ikiwa kabini imekaa kwenye fremu ya mbele, nyaya kutoka kwenye injini hupita kwenye kiungo cha kukunjia greda, ambako hujipinda kila kona na kusagwa na vumbi lililochanganyika na grisi. Gamba la waya likilika, shaba hugusa fremu, na geji huona ethi ile ile inayoashiria joto kali. Mwambie fundi afungue mkono wa nyaya (fungu la nyaya zilizofungwa pamoja) mahali hapo, opereta akikunja greda taratibu huku mtu mwingine akiutazama mshale, na asiwepo mtu kati ya fremu mbili wakati greda linakunjwa.

Kama geji ya mafuta nayo huruka wakati huo huo, angalia kwanza ethi ya dashibodi yenyewe. Kasoro za sensa kwa kawaida huwa tofauti: fundi akizungushia hesi utepe mwingi wa kuzuia mvujo, ethi hukatika na mshale hulala upande wa baridi. Ukitaka kuwa na hakika na sensa hizo mbili ulizozing'oa, zichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, upime ukinzani kwa multimita na ulinganishe na kitabu cha mtambo. Nadhani utazikuta ni nzima.

Kuhusu kuikata geji, sikubaliani na opereta. Maji yakivuja, rejeta inaweza isitoe dalili yoyote mapema, na silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) ikapinda kabla mvuke haujaonekana. Kama waya mpya haujapatikana, pitisha waya wa muda nje ya kiungo, ukiwa na ulegevu wa kutosha kwa kona kamili, na mpime kasha la thamostati kwa bunduki kila saa hadi mkono wa nyaya ubadilishwe.