"Isiwe 2 au 3" ama "isiwe 2 wala 3"?

Swali: Nafundisha tuisheni ya hisabati hapa Uyole, Mbeya. Tukitafuta kikoa cha fankisheni, yaani namba zinazoruhusiwa kuwekwa mahali pa x, wengine huandika "x isiwe 2 au 3", wengine "isiwe 2 wala 3", wengine "zote isipokuwa 2 na 3". Kipi ni Kiswahili sahihi?

Jibu: Mwalimu, viwili vya mwisho ni sahihi. Hicho cha kwanza kina mtego.

Chukua (x + 1)/(x² − 5x + 6). Asili yake, yaani sehemu ya chini, ni zao la (x − 2) na (x − 3), nayo huwa sifuri x ikiwa 2 au ikiwa 3. Hapo "au" imekaa vizuri: bano moja tu likiwa sifuri, asili yote imekwisha. Shida huanza mwanafunzi anapoikanusha sentensi hiyohiyo na kuiacha "au" palepale: "x isiwe 2 au isiwe 3". Mpe 3 aijaribu. Je, 3 ni 2? Siyo. Basi sharti limetimia, ana ruhusa ya kuiweka. Akiiweka anapata 9 − 15 + 6, sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna.

Baada ya kanushi, kinachokataza vyote viwili ni "wala". Kondakta wa basi la Makambako akisema "hatusimami Igurusi wala Chimala", wa Igurusi na wa Chimala wote watatafuta gari jingine. Akisema "hatusimami Igurusi au Chimala", lazima aulizwe: wapi sasa?

"Isipokuwa" ina mwenendo wake. Ndani yake mna -si-, lakini maneno yanayoitangulia ni yakinishi: "namba halisi zote". Kinachofuata ni orodha ya zinazotolewa, na orodha hiyo huunganishwa kwa "na". "Isipokuwa 2 wala 3" haisimami. Ubaoni mimi ningeandika "x ni namba halisi yoyote isipokuwa 2 na 3". Na ni "yoyote", si "yeyote". Namba haina roho.

Jihadhari pia juu pakiwa na x − 2 badala ya x + 1. Wanafunzi wataifuta x − 2 juu na chini, wabaki na 1/(x − 3), kisha waandike "isipokuwa 3" peke yake. Kikoa husomwa kabla ya kufuta, kwa hiyo 2 bado imo kwenye orodha.